Je, wajua? Koleo la kuhasi ndama halipondi kende

Miaka mingi nilikuwa naamini, tena nawaelezea na wengine bila aibu, kwamba Burdizzo, lile koleo kubwa la chuma la kuhasia ndama dume, linaponda kende. Unashika, unabana, zinapasuka kama karanga, kwisha habari. Kumbe wala. Kende zenyewe haziguswi, na ukizibana kwa bahati mbaya umeshaharibu, unamletea ndama uvimbe na maumivu ya bure.

Kinachobanwa ni shingo ya pumbu, yaani ule mfuko wa kende, juu ya kende zenyewe, pale ambapo kila kende inaning'inia kwenye kamba yake. Ukipapasa unaisikia, ngumu kidogo, inateleza huku na huku chini ya ngozi. Ndani ya kamba hiyo ndo mnapita mishipa ya damu na mrija wa mbegu. Ikishapondwa damu haishuki tena, kende inakufa njaa polepole, inasinyaa, na baada ya wiki 4 hadi 6 ukishika unakuta kijivimbe tu. Mfuko unabaki, mtupu. Kwa hiyo hata neno "kuponda" halikuwa uongo, nilikosea tu mahali.

Sasa hapa ndo pananifurahisha: koleo linaua kamba iliyo ndani, mbona ngozi ya nje inabaki nzima? Kwanza meno yake ni butu na hayakutani kabisa. Kuna jaribio la zamani, unaweka uzi katikati ya karatasi mbili halafu unabana, koleo zima litakata uzi na karatasi zitabaki salama. Ngozi ndo karatasi, kamba ndo uzi. Pili, fikiria nyumba iliyo mwisho wa barabara moja tu, daraja likivunjika hakuna chakula kinachofika. Hiyo ndo kende. Ngozi ni mtaa wa vichochoro, ukiziba kimoja watu wanazunguka kwingine.

Ila ukiziba vyote utaua mtaa mzima. Ndo maana kila kamba inabanwa peke yake na alama za koleo hazipangwi mstari mmoja toka upande huu hadi ule, lazima ubaki ukanda wa ngozi katikati wa kupitisha damu, la sivyo mfuko unaoza. Ringi ya mpira, njia nyingine ya kuhasi, yenyewe inafanya hivyo makusudi, inakaba kila kitu, mfuko mzima unakauka na kudondoka.

Chombo hiki alikibuni daktari wa mifugo wa Italia, Napoleone Burdizzo, mwanzoni mwa karne ya 20, na sifa yake kubwa ni kwamba hakuna kidonda, kwa hiyo nzi na vijidudu hawana pa kuingilia. Lakini kutotoka damu sio kutouma. Inauma, ganzi na dawa ya maumivu vinahitajika, na ng'ombe ana tabia ya kuficha maumivu kwa hiyo ukimya wake usikudanganye.

Halafu kamba inateleza. Ikiponyoka sekunde ile ya kubana utakuwa umebana ngozi tupu, na miezi baadaye "maksai" wako anapanda mitamba. Hata aliyehasiwa vizuri anaweza kuwa na mbegu zilizobaki kwa wiki kadhaa, hivyo asichanganywe na majike mapema.

Koleo lenyewe huhifadhiwa likiwa wazi, ukiliacha limefungwa muda mrefu linalegea, na siku hiyo uzi haukatiki.