Hapana mama, mzungu halipi ada ya mwanao

Jumatatu hii ilikuwa mara ya nne ndani ya mwezi mmoja. Mama kasimama mlangoni pa ofisi (ofisi yenyewe ni nusu ya stoo ya mahindi), namwambia ada ya mtoto ina miezi mitatu, ananiangalia kama namtania. "Mwalimu, si juzi wazungu walikuja na gari mbili?" Walikuja, ndiyo. Sasa ngoja niandike mara moja, koo lipumzike.

Dhana: wazungu wakija, hela imekuja.

Shule yetu ya binafsi iko Unga Limited, Arusha, watoto 140, na Landkruza ya watalii ikikatiza mtaani kila mtu anaiona, watoto wa majirani wanaikimbilia mpaka getini. Kilichoshushwa ndo hakuna anayekiona. Juzi ilikuwa boksi moja: kalamu zenye jina la hoteli, mipira miwili haina upepo na pampu hamna, masweta mazito ya baridi ya huko kwao, na pipi. Mimi kila asubuhi nakoroga kilo nane za unga wa uji na sukari kilo tatu, pipi haiingii kwenye sufuria.

Na hata ikija hela yenyewe ina mwenyewe. Anayemsomesha mtoto mmoja analipia huyo huyo, siwezi kuimega nimlipie wako. Aliyetoa ya rangi ni ya rangi, maana aisee hakuna mgeni anayepiga picha na mshahara wa mwalimu. Ukuta wetu umeshapakwa mara tatu, twiga juu ya twiga, huku mwalimu wa la pili ananidai Novemba. Halafu wageni wana msimu, Juni mpaka Oktoba wamejaa, masika yakianza Machi humwoni hata mmoja na hapo ndo bati linavuja. Mnakumbuka 2020? Shule zimefungwa Machi mpaka mwisho wa Juni, utalii umekauka, wafadhili watatu wakaniandikia pole, na wao kazi zimeisha, na nyie mnaopanda mlima na mizigo ya wageni mlikuwa nyumbani vilevile. Tulipofungua, shule ilisimama kwa mahindi ya debe na elfu tano tano za wazazi, mama wa ndizi pale soko la Kilombero akituletea kuni kwenye mkokoteni.

Kwa hiyo ushauri wangu ni ule ule, najua mmeuchoka: leta kidogo kidogo. Elfu mbili ya Ijumaa naipokea, naandika kwenye daftari, unasaini, risiti unaondoka nayo. Anayeniudhi siyo asiyekuwa na hela, ni yule anayemficha mtoto ndani wiki tatu akiona aibu kukutana na mimi, mtoto anarudi wenzake wameshamaliza kujumlisha kwa kubeba yeye bado anahesabu vidole.

"Elimu si bure siku hizi?" Bila ada, tangu 2016, kwenye shule za serikali. Sisi ni binafsi. Ukitaka kumhamishia huko nitakuandikia uhamisho leo leo, wala sinuni.

"Mbona haongei Kingereza?" Yuko la kwanza jamani. Ajue kwanza ba be bi bo bu, Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, akishashika kusoma Kingereza atakidaka. Anayeimba "gudi moningi ticha" hajajua kusoma, anaimba tu.

"Mwandikishe la kwanza, ana akili." Ana miaka minne mama! La kwanza ni miaka sita, wa minne analala saa nne asubuhi na kichwa kwenye dawati.

Na huyo wa la tatu anayesinzia siyo mvivu, muulize jana usiku alikula nini.

Mama wa Jumatatu kaja Ijumaa na elfu nne imefungwa kwenye pindo la kitenge, nimemwandikia. Kafika mlangoni, kageuka: "Mwalimu, yale masweta bado yapo?"