Oili nzito haibebi pikipiki

Ndani ya wiki moja nimefungua shokapu za mbele za pikipiki tatu, na zote zimetoa oili inayovutika kama asali. Wenyewe hawajuani, ila maelezo yao yalifanana: "Ilikuwa inazama nikishika breki, nikaambiwa nitie oili nzito. Sasa inanipiga mikono." Mmoja alikuwa amefunga bendeji kwenye kifundo cha mkono. Nimelijibu jambo hili kwa mdomo hadi nimechoka, kwa hiyo naliandika, pamoja na kauli nyingine ninazoambiwa karakana.

"Inazama, itie oili nzito"

Hii inaniuma kuliko zote kwa sababu mtu hutoa pesa yake kuiharibu pikipiki yake, na tatizo alilokuja nalo linabaki palepale.

Mguu wa shokapu una springi na una oili, na kila kimoja kina kazi yake. Springi inabeba uzito. Oili inatawala mwendo wa springi, isibonyee kwa pupa wala kurudi kwa kuruka. Oili haibebi hata kilo moja. Ukishika breki ya mbele, uzito unahamia mbele, na kiasi kinachohama kinategemea ukali wa breki, kimo cha uzito wa pikipiki na mwenyewe, na umbali kati ya magurudumu mawili. Uzito huo ukishafika mbele lazima kitu kiupokee, na kitu hicho ni springi. Oili nzito itauchelewesha kidogo tu. Endelea kushika breki sekunde mbili tatu na shokapu itafika kina kilekile ilichokuwa ikifika zamani.

Huhitaji kuniamini mimi. Kaa juu ya pikipiki, shika breki ya mbele, kisha egemea usukani polepole kwa uzito wako wote. Bomba la kromu litaingia hadi lilipokuwa likiingia kabla ya kubadilisha oili. Sasa inuka, halafu gandamiza kwa kishindo. Linagoma, na unalisikia likigoma hadi kwenye viwiko. Hapo umeshaona ubaya wenyewe.

Sababu iko kwenye matundu. Shokapu nyingi za kawaida zina fimbo yenye matundu madogo ambayo ukubwa wake haubadiliki, na oili inalazimishwa kupita humo. Kasi ya bomba ikiongezeka mara mbili, ukinzani wa oili kwenye matundu hayo unaongezeka karibu mara nne. Breki inazamisha shokapu taratibu, kwa hiyo oili inapita bila shida na haizuii kitu cha maana. Ukingo wa shimo unalipiga gurudumu kwa kasi kubwa mno, na hapo oili nzito haipati muda wa kupita, inakuwa kama ukuta. Maana yake umeongeza ugumu pale ulipotaka ulaini, na pale ulipotaka ugumu hujaongeza karibu chochote.

Halafu kuna kurudi. Watu wengi hawalifikirii hili kabisa. Kwenye barabara yenye matuta madogo yaliyofuatana, shokapu yenye oili nzito inabonyea kwenye tuta la kwanza, na kabla haijanyooka la pili limefika. Linalofuata linaikuta imebonyea zaidi. Baada ya matuta matano sita unaendesha pikipiki yenye shokapu iliyojikunja, haina nafasi ya kwenda, na tairi linaanza kurukaruka badala ya kushika njia. Mwenyewe atakwambia "springi zimelegea". Springi hazina kosa, zimezuiwa tu kurudi.

Kingine ni ile namba ya uzito wa oili kwenye chupa. 10W ya kampuni moja na 10W ya kampuni nyingine zinaweza kupishana sana, maana oili za shokapu hazina kipimo kimoja cha W kinachowabana watengenezaji wote. Ukitaka kulinganisha, tafuta mnato wake, yaani uzito wa kutiririka, katika nyuzi 40 za Selsiasi, unaoandikwa kwa cSt (sentistoki). Mteja anayeniambia "nilipanda kutoka 10 hadi 15" mara nyingi hajui amepanda kiasi gani, na wakati mwingine hajapanda kabisa.

Simaanishi kwamba uzito wa oili usiguswe kamwe. Ukifunga springi ngumu zaidi, zina nguvu zaidi ya kurudi, na hatua moja ya oili inaweza kufaa kuzituliza. Lakini hapo oili inafuata springi. Ikitangulia, utarudi kwangu.

"Weka spesa ndefu, springi itakuwa ngumu"

Haitakuwa ngumu. Ugumu wa springi unatokana na unene wa waya, upana wa mzunguko na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Spesa, kile kipande cha bomba kinachokaa juu ya springi ndani ya mguu, haigusi hata kimoja kati ya hivyo. Inachofanya ni kuikaza springi kabla haijabebeshwa mzigo, ili ianze kubonyea baadaye.

Tuseme springi zako ni za kilo 0.70 kwa milimita. Ziko mbili, kwa hiyo jozi ni kilo 1.4 kwa milimita. Uzito unaozilemea ukiwa umekaa ni kilo 84, na zimeshakazwa milimita 20. Ukiacha hewa na msuguano pembeni, shokapu itazama milimita 40. Shika breki hadi mzigo ufike kilo 154, inafika milimita 90. Imetembea 50. Sasa ongeza spesa ya milimita 10: ukikaa inazama 30, ukishika breki inafika 80. Imetembea 50 zilezile. Weka springi za kilo 0.90 na mzigo uleule unaitembeza milimita 39. Huo ndio ugumu.

Spesa ina kazi yake, ambayo ni kurekebisha kimo. Ukiizidisha unanyang'anya gurudumu nafasi ya kushuka, na nafasi hiyo inahitajika sana. Barabara ikitumbukia, tairi linatakiwa kuifuata. Shokapu iliyokwisha kunyooka yote haiwezi kushuka zaidi, tairi linaning'inia hewani kwa kitambo, na hata likiwa linaning'inia kwa muda mfupi kiasi gani, muda huo huna breki wala kona.

Kwa hiyo kabla hujanunua kitu chochote, fanya hivi. Sitachoka kulisema hili. Chukua kamba ndogo ya plastiki ya kufungia nyaya, izungushe kwenye bomba la kromu na uikaze kiasi cha kuteleza kwa kusukumwa na kidole. Mwenzako ainue mbele hadi shokapu inyooke yote, isukume kamba hadi iguse sili ya vumbi, ule mpira unaozunguka bomba. Teremsha pikipiki polepole, panda ukiwa na mavazi na mzigo wako wa kila siku, kaa bila kurukaruka, kisha shuka taratibu. Inua tena mbele na upime toka sili hadi kwenye kamba. Kwa pikipiki ya barabara ya lami ambayo shokapu yake inaweza kuzama jumla ya milimita 120, mimi hutafuta 30 hadi 40. Kisha iache kamba hapohapo na uendeshe siku mbili. Ikiwa umeweka kimo sawa na bado kamba inasukumwa hadi mwisho kwa breki za kawaida, springi ni laini kwako. Ikiwa haijakaribia mwisho hata baada ya mashimo mabaya, ni ngumu mno au oili imeziba njia. Kamba hiyo imewaokolea wateja wangu pesa nyingi kuliko kifaa kingine chochote nilichonacho karakana.

"Kata springi ili iwe laini"

Kinyume chake. Mizunguko ikipungua, springi inayobaki inakuwa ngumu zaidi, maana mbonyeo uleule unagawanywa kwa mizunguko michache. Aliyekata springi kutafuta ulaini amejinunulia ugumu. Na anayekata kutafuta ugumu, kama wengine wanavyofanya kwa makusudi, ajue mizunguko iliyobaki inaweza kugusana kabla shokapu haijamaliza mwendo wake. Chuma kikigusana na chuma hakuna tena shokapu. Nunua springi iliyotengenezwa kwa uzito wako.

"Shokapu za kugeuza ndizo zilizo bora"

Zile zenye bomba nene juu na jembamba chini zinakataa kupinda zaidi, kwa sababu bomba nene ndilo lililoshikwa na klempu, vile vibano vya chini ya usukani, na kwenye breki kali unalihisi hilo. Ulaini haumo humo. Ulaini unatokana na springi, vali (vilango vinavyotawala njia ya oili) na oili zilizomo ndani, na nimefungua za kugeuza ambazo ndani yake hamna vali za maana hata kidogo. Vilevile sili yake ikipasuka, oili inateremka kuelekea kwenye breki.

"Kuzama kwenye breki ni ugonjwa"

Kuzama kiasi kunasaidia. Mbele ikishuka, pembe ya usukani inasimama zaidi na pikipiki inaingia kona kwa wepesi. Miaka ya 1980 watengenezaji wakubwa wa Japani walifunga vifaa vya kuzuia kuzama, vingine vikitumia nguvu ya breki yenyewe kubana njia ya oili. Vilifanya shokapu kuwa ngumu wakati uleule tairi linapohitaji kufuata barabara, na vikaachwa. Ninachotibu mimi ni kuzama hadi mwisho.

"Inavuja, basi shokapu imekufa"

Mara nyingi ni mchanga ulioingia chini ya mdomo wa sili. Teremsha sili ya vumbi, pitisha kipande chembamba cha plastiki kuzunguka bomba, futa, kisha ibonyeze shokapu mara kadhaa. Ikiendelea kuvuja, pitisha ukucha juu ya kromu. Ukucha ukikwama kwenye kishimo cha kutu, hata sili mpya kumi zitachanwa na kishimo hicho hadi kisawazishwe. Oili ikifika kwenye pedi za breki, zitupe. Usizioshe na petroli ukaziamini.

"Oili ya shokapu haichakai"

Inachakaa. Inachanganyika na unga wa chuma na unyevu, na inatoka nyeusi yenye harufu ya samaki aliyeoza. Mimi huibadilisha kila kilomita 20,000 au miaka miwili, kinachotangulia, na kwa anayeendesha kwenye tope mapema zaidi. Pima kimo chake kwa milimita kutoka juu ya bomba, springi ikiwa nje na shokapu imebonyezwa yote. Usikipime kwa chupa, maana kuna oili ya zamani inayobaki ndani. Ukizidisha, hewa iliyobaki juu inakuwa ndogo na inabanwa sana mwishoni mwa mwendo, kisha sili ndizo zinazolipa. Na oili ya injini usiitie humo.

"Ni ngumu, nahitaji shokapu mpya"

Aliyeniambia hivi mwezi uliopita alikuja na fedha mkononi. Nililegeza bolti inayobana ekseli chini ya mguu mmoja, nikaibonyeza mbele mara tano sita huku nimeshika breki, na mguu ule ukasogea kama milimita tatu kwenye ekseli, kwa macho tu bila kipimo. Aliyefunga gurudumu alikaza bolti hiyo kabla ya miguu kujipanga, kwa hiyo ilikuwa inavutana na mabomba yanasuguana kwa ndani kila yanapobonyea. Nikaikaza tena ikiwa imetulia. Nikapima upepo, tairi la mbele lilikuwa limejazwa kupita kiasi, nikapunguza hadi kipimo cha mtengenezaji. Nikazungusha usukani pikipiki ikiwa imeinuliwa kuhakikisha beringi za shingo hazikwami katikati. Akaizungusha barabarani dakika kumi na akarudi na fedha yake yote.