Mgonjwa wa akili naye huumwa tumbo

Mtu mwenye ugonjwa wa akili hupata malaria, kisukari, kifua kikuu na presha kama mtu mwingine yeyote. Kila daktari analijua hilo, lakini mara nyingi sisi madaktari tukishakaa kwenye chumba cha daktari tunalisahau. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa watu wenye magonjwa makali ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine. Wengi wao huondoka kwa magonjwa ya moyo, kisukari na maambukizi, maradhi ambayo tunajua kuyapima na kuyatibu.

Tazama inavyokuwa. Kijana ametoka Tukuyu na mama yake, analalamika tumbo. Daktari anafungua faili, anakuta ameandikiwa dawa za skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili. Tangu hapo maswali yote anaulizwa mama: "Analala? Anakula? Dawa anameza?" Kijana yupo pale pale, ni mtu mzima, anajieleza vizuri, lakini hakuna anayemuuliza tumbo linauma upande gani. Hapandishwi kitandani akapapaswa. Anaambiwa arudi siku ya kliniki ya akili.

Na huenda tumbo hilo limetokana na dawa tulizompa sisi wenyewe. Baadhi ya dawa hizi huongeza uzito na sukari kwenye damu, nyingine hufunga choo. Kwa anayetumia klozapini, moja ya dawa hizo, choo kikifunga sana utumbo unaweza kuziba, na watu wamepoteza maisha kwa hilo.

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini kuna hatari nyingine ya kumwita mtu kichaa kabla ya kumpima. Tunafuga nguruwe kwa wingi, Mbozi, Rungwe na kwingineko, na mnyoo aitwaye tegu wa nguruwe yupo. Mtu akila au kunywa kitu kilichochafuliwa na kinyesi cha mwenye tegu, mayai yanaingia mwilini na viluwiluwi vinaweza kufika kwenye ubongo. Vikifika huko huleta kifafa, maumivu ya kichwa na wakati mwingine mabadiliko ya tabia. Mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya pia imekuwa miongoni mwa inayoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, na homa ya uti wa mgongo kwa mtu mwenye kinga dhaifu inaweza kuanza kwa kichwa kuuma, kisha kuchanganyikiwa. Mtu aliyebadilika ndani ya saa au siku chache, hasa mwenye homa, ni mgonjwa wa dharura. Apimwe malaria, sukari na VVU, na uti wa mgongo uchunguzwe, kabla hajaitwa mgonjwa wa akili.

Siamini kwamba madaktari wenzangu wana roho mbaya. Tatizo ni kwamba tunawaona watu hawa wakiwa wamezidiwa tu, wameletwa wamefungwa kamba usiku. Aliyepata nafuu, anayelima viazi Uyole na kusomesha watoto, hatumwoni, kwa hiyo tunaamini hakuna anayepona. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kuwa mwanafunzi wa udaktari akikaa na kuzungumza na mtu aliyepata nafuu, mtazamo wake hubadilika kuliko akisikiliza mihadhara peke yake. Ningependa kila chuo cha afya kanda hii kiwaalike watu hao darasani. Unyanyapaa huo huo unatuumiza hata sisi, maana daktari mwenye sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, huficha ugonjwa wake akiogopa wenzake watamwonaje.

Wewe unayemsindikiza ndugu yako, anza kueleza shida ya mwili: nini kinauma, tangu lini, choo na mkojo vikoje. Mwache ajieleze mwenyewe pale anapoweza. Beba dawa zote anazotumia, pamoja na za kienyeji. Omba apimwe presha, sukari na uzito kila mnapokwenda kliniki. Ukiambiwa "hiyo ni akili tu" na hajaguswa, omba kwa heshima achunguzwe na matokeo yaandikwe kwenye faili. Msiposikilizwa, nendeni kwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, siku hiyo hiyo, kabla hamjapanda gari la kurudi nyumbani.