Printa imegoma umeme uliporudi: usiifute, iulize foleni

Steshenari nyingi za aina ya hizi zilizo jirani na UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) zina mpangilio unaofanana: kompyuta moja au mbili za Linux, printa ya waifai, na ruta ya laini inayogawa anwani za IP. Umeme unakatika, unarudi, mteja yupo kaunta na risechi ya kurasa 80, printa kimya. Wengi hukimbilia kuifuta printa kwenye mipangilio na kuiongeza upya. Mara nyingine inakubali, ndiyo maana tabia hii haiishi, ila kazi zote zilizokuwa kwenye foleni zinapotea na chanzo kinabaki palepale.

Anza na amri hii kwenye terminal (printa yetu tuiite Kaunta):

`lpstat -t`

Foleni ya CUPS, programu ya Linux inayosimamia uchapaji, ina milango miwili, na watu huichanganya. Wa mbele hupokea kazi. Wa nyuma huzipeleka kwenye printa. Ukiona `not accepting requests`, umefungwa wa mbele, unafunguliwa kwa `sudo cupsaccept Kaunta`. Ukiona `disabled`, umefungwa wa nyuma: kazi zinapokelewa na kurundikana, karatasi haitoki. Huo ni `sudo cupsenable Kaunta`. Lakini usiufungue kabla ya kutazama `lpstat -o`, orodha ya kazi zinazosubiri. Mtu akiona kimya hubofya tena na tena, na mlango ukifunguka zinatoka nakala sita za ile risechi. Futa za ziada kwa namba zake, mfano `cancel Kaunta-41`.

Kama milango yote iko wazi na kazi bado imeganda, shuku anwani. Ruta ikiwaka upya inaweza kuipa printa IP nyingine, huku foleni ikiendelea kugonga ile ya zamani. Chapa ukurasa wa taarifa za mtandao kutoka kwenye printa yenyewe, au angalia orodha ya vifaa kwenye ruta, kisha pima kwa IP uliyoikuta (hapa ni mfano tu):

`nc -zv 192.168.1.50 631`

Lango la 631 ni la IPP, itifaki ya kuchapa kupitia mtandao. Likikataa, jaribu 9100; hilo likijibu, kwenye amri ya chini andika `socket://192.168.1.50` badala ya anwani ya `ipp`. 631 likijibu, badilisha anwani tu, foleni na kazi zake zibaki:

`sudo lpadmin -p Kaunta -v ipp://192.168.1.50/ipp/print`

Halafu ingia kwenye ruta uifungie printa anwani hiyo kwa kutumia MAC yake (namba ya utambulisho ya kifaa kwenye mtandao). Napendelea kufanya hivyo kwenye ruta kuliko kuandika IP ndani ya printa, kwa sababu anwani zote unazikuta sehemu moja. Kama printa iko kwenye waifai ya wageni, usijisumbue na amri yoyote: ruta nyingi hutenganisha vifaa vya mtandao huo visionane. Ihamishie kwenye mtandao wa kawaida.

Taa ikiwaka na printa inadai karatasi wakati trei imejaa, huenda foleni imewekwa saizi ya Letter. `sudo lpadmin -p Kaunta -o PageSize=A4`, basi.

Sasa ruhusa, ambako ndiko watu huharibu mashine nzima. Ujumbe huu:

`lp: Error - unable to access "ripoti.pdf" - Permission denied`

hauihusu printa hata kidogo. Ni wewe uliyenyimwa faili. Na mara nyingi faili lenyewe halina kosa, kosa liko kwenye folda mojawapo ya njiani, kwa sababu ili ulifikie faili unahitaji `x` (ruhusa ya kupita) kwenye kila folda unayopitia. Tumia `namei -l /home/asubuhi/kazi/ripoti.pdf`, inakuonyesha ruhusa za kila hatua. Tangu Ubuntu 21.04, folda ya nyumbani ya mtumiaji mpya huundwa na ruhusa 750 (mwenyewe kila kitu, kundi lake kusoma na kupita, wengine hakuna), kwa hiyo mtu wa zamu ya jioni hawezi kufungua kazi iliyoachwa humo na wa zamu ya asubuhi. Tengeneza folda ya pamoja (hapa akaunti ni `asubuhi` na `jioni`, kundi ni `zamu`):

`sudo groupadd zamu`
`sudo usermod -aG zamu asubuhi`
`sudo usermod -aG zamu jioni`
`sudo mkdir /srv/kazi`
`sudo chgrp zamu /srv/kazi`
`sudo chmod 2775 /srv/kazi`

Ile 2 ya mwanzo hufanya kila faili jipya lirithi kundi la folda. Herufi `-a` usiisahau: ukiandika `-G` peke yake, mtumiaji anatolewa kwenye makundi yake mengine ya ziada, likiwamo `sudo`, na hapo umejifungia nje. Kundi jipya halifanyi kazi mpaka utoke kwenye akaunti uingie tena. Pia `mv` huhamisha faili pamoja na kundi lake la zamani likiwa kwenye diski ileile, wakati `cp` huunda faili jipya linalorithi. Kwa folda hii, tumia `cp`.

Halafu kuna `chmod -R 777`, dawa ya mitaani. Ikipigwa kwenye `/usr/lib/cups`, hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo, maana CUPS hukataa kwa makusudi kuendesha programu ambayo kila mtu anaweza kuiandika. Kwenye `/var/log/cups/error_log` utakuta maneno `has insecure permissions`, kazi zote zinafeli, na hakuna cha kubofya kitakachosaidia. Ondoa ruhusa ya kuandika:

`sudo chmod go-w /usr/lib/cups/backend /usr/lib/cups/filter`
`sudo chmod go-w /usr/lib/cups/backend/* /usr/lib/cups/filter/*`
`sudo systemctl restart cups`

Kama unatumia `cups-pdf`, faili lake ndani ya `backend` lirudishe kwenye 700, kwa kuwa linahitaji kuendeshwa na root (mtumiaji mkuu wa mashine) ili liweze kuweka PDF kwenye folda ya kila mtumiaji.