Windows ya Zamani Haitakusubiri Milele

Kwa mafundi kompyuta wa Dodoma mjini utasikia mteja akihakikishiwa: "Weka Windows 11 bila wasiwasi, ile 10 imebaki humo humo, utarudi siku yoyote." Si kweli. Mfumo wa awali hubaki kwenye folda iitwayo Windows.old, na kwa kawaida una siku 10 tu za kurudi. Zikipita, kompyuta yenyewe huifuta. Ukiifuta mapema ili upate nafasi, njia ya kurudi imefungwa siku hiyo hiyo. Fundi anaweza kuongeza muda hadi siku 60 kwa amri ya DISM (zana iliyomo ndani ya Windows), lakini aiandike kabla siku 10 hazijaisha.

Tena folda hiyo imo kwenye diski ileile: diski ikifa, vyote vimekwenda. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) mwenye tasnifu ndani ya kompyuta, au duka lenye hesabu za mwaka mzima, anahitaji nakala ya diski nzima kwenye diski ya nje, iliyochukuliwa kabla ya kuanza, pamoja na flashi ya kuwashia kompyuta ili kuirejesha. Fundi akisema huko ni kupoteza muda, mtafute mwingine.