Kuficha picha kwenye simu siyo kuzifunga
Watu wengi bado wanaamini ukishabonyeza "ficha" kwenye galari basi picha zako ziko salama, na hii imani imekaa miaka mingi kweli. Kwenye Android programu nyingi za kuficha zinachofanya ni kuweka nukta mbele ya jina la folda, au kutupia humo faili tupu linaloitwa .nomedia ambalo linaiambia tu galari isionyeshe kilichomo, picha zenyewe ziko vilevile, mtu akichomoa memori kadi yako akaichomeka kwenye kompyuta anaziona zote bila kuulizwa paswedi. iPhone nayo, albamu ya picha zilizofichwa ilikuwa inafunguka tu, mpaka iOS 16, mfumo wa simu hizo wa 2022, ndo ikaanza kudai uso, kidole au namba ya siri.

Kufunga kwa kweli ni pale picha inapovurugwa isisomeke bila ufunguo, mfano Secure Folder, ile folda yenye kufuli kwenye simu za Samsung. Ila tafadhali sana, ukishazihamisha kagua na kopi zilizobaki, albamu ya zilizofutwa kwenye iPhone inatunza picha mpaka siku 30, na ile uliyotuma WhatsApp inaweza kuwa bado iko kwenye folda yake.