Ganzi ya mkono: kiulize kidole kidogo

Juzi aliingia kliniki hapa Busia kijana anayeuza rolex, ile chapati yetu ya kukunjia mayai. Hukanda unga tangu alfajiri. "Daktari, usiku mkono unakufa ganzi mpaka naamka kuukung'uta. Wanasema damu haitembei."

Hiyo ya damu naisikia kila siku, na mara nyingi sivyo. Aghalabu ni mshipa wa fahamu umebanwa mahali. Nikamuuliza, "Na kidole kidogo?" Akakitazama kama mgeni. "Hiki? Hiki kizima."

Basi nikajua pa kuanzia. Kwenye kifundo cha mkono kuna kijia chembamba ambamo mshipa mmoja wa fahamu umesongamana na kano tisa za kukunja vidole. Mshipa huo ni wa gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Kano zikivimba kwa kazi, au mwili ukijaa maji wakati wa ujauzito, unaobanwa ni huo. Usiku tunalala tumekunja kifundo, nafasi inazidi kupungua. Nikampa gango la kukinyoosha, alale nalo wiki sita. Sindano za vitamini alizokuwa akichomwa hazipanui kijia. Nikabonyeza pia nyama ya chini ya gumba. Ikishasinyaa, gango limechelewa, hapo ni upasuaji. Yake ilikuwa bado imejaa.

Kidole kidogo kina mshipa wake, ule ukijigonga kiwiko unapigwa shoti. Kikifa ganzi, naupapasa kiwikoni, maana ukoma bado upo Uganda na hupenda kuunenepesha mshipa huohuo. Natafuta na doa lililopauka lisilohisi pamba. Ukoma unatibika, msifichane.

Ganzi iliyoanzia nyayo ikapanda mikononi, pima sukari. Anayemeza dawa za TB ajue mojawapo, isoniazidi, humaliza vitamini B6 mwilini. Kile kidonge cha piridoksini, ndiyo hiyo B6, wanachokiacha mezani ndicho cha kulinda mishipa.

Ganzi ya ghafla upande mmoja, mdomo ukapinda au maneno yakakwama, ni dalili ya kiharusi. Tafuta gari saa hiyohiyo.

Kijana wangu alitaka kujua kama aache kazi. Nikamwambia unga akandiwe na mdogo wake kwanza. Akaguna: "Huyo? Chapati zake hazikunjiki, daktari."